Mwongozo wa Kuvua Kofia ya Uharamia Kabla ya Kengele ya Kwanza

Mwalimu mwenzangu, mwongozo huu unakuhusu ikiwa simu yako ina faili liitwalo "Ngoswe_mpya_mpya(2)". Unakuhusu zaidi ikiwa humjui aliyelitengeneza, ila unalikumbuka grupu lililokuletea saa tano usiku, likiwa limeshapita mikono ya walimu wa mikoa minne. Usilifute bado. Lifungue kwanza ulitazame.

Ukurasa wa tisa una kidole gumba. Ni cha mtu aliyebana kitabu kwa mkono wa kushoto huku akipiga picha kwa mkono wa kulia, na kucha yake imefunika maneno matatu ya mhusika. Ukurasa wa ishirini umelala kichwa chini. Upande wa kulia, herufi za mwisho za kila mstari zimeliwa na mkunjo wa kitabu, kwa hiyo msomaji anakisia. Jalada halipo. Jina la Edwin Semzaba, mwandishi wa tamthiliya hiyo, aliyeketi akamuumba Ngoswe, akamuumba Mazoea na Mzee Mitomingi, halionekani popote.

Hiyo ndiyo kofia ya uharamia. Tunaivaa kwa nia njema kabisa, kwa kuwa vitabu ni vichache na watoto ni wengi, lakini tunaivaa mbele ya wanafunzi ambao asubuhi hiyohiyo tumewafokea kwa kuangalizia mtihani. Wanatuona. Basi tuivue, na tuanze pale inaponunuliwa kwa bei rahisi, yaani stesheneri.

Acha kumtuma mwanafunzi kudurufu kitabu kizima. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya stesheneri karibu na stendi, nina karatasi zangu mbili za kutoa kopi. Mbele yangu alikuwepo kijana wa kidato cha tatu, sare imenyooka, ameshika tamthiliya yenye mhuri wa maktaba ya shule.

"Kaka, nataka arobaini na tano," akasema.

Mwenye mashine hakushangaa. Alikifungua kitabu mpaka gundi ya mgongoni ikalia, akakilaza juu ya kioo, akabana kurasa mbili kwenye karatasi moja. Kijana alipogeuka akaniona.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Mwalimu wa Kiswahili."

Hakuona aibu, na kwa nini aone? Alikuwa ametumwa na mtu anayemwamini. Mimi nilibaki pale nikipiga hesabu. Kwa shilingi 100 kila karatasi, tamthiliya ya kurasa 60 inakuwa karatasi 30, yaani shilingi 3,000 kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi 45 wanatoa shilingi 135,000. Kwa hiyo fedha ilikuwepo, tena taslimu. Ililipia wino, karatasi na umeme. Mwandishi, mhariri, mchoraji wa jalada na mchapishaji hawakupata hata senti, na kitabu cha maktaba kilirudi rafuni kikiwa kimevunjika mgongo.

Fedha hiyohiyo ingeweza kwenda njia nyingine. Mpigie mchapishaji simu, umwambie una darasa la watu 45, uulize bei ya jumla. Nunua nakala kumi na tano, dawati moja nakala moja, watatu wanasoma pamoja kama wanavyokaa pamoja. Ziandike namba, zifunike kwa gazeti, zikusanye kipindi kikiisha. Mwakani darasa jipya litazikuta. Zile kopi za stesheneri, kwa uzoefu wangu, hufika Agosti zimebaki nusu, na ile nusu haina kurasa za mwisho. Nimesahihisha insha ya mwanafunzi aliyeeleza kwa ujasiri jinsi tamthiliya ilivyoishia njiani. Kwake iliishia njiani kweli.

Baada ya stesheneri, isome sheria. Wengi wetu tunaiogopa kama mbwa wa jirani: hatujui anafungwa saa ngapi wala anafunguliwa saa ngapi, kwa hiyo ama tunapita mbali ama tunaruka ukuta. Nimewaona walimu wanaosambaza riwaya nzima bila wasiwasi, na nimewaona wengine wanaoogopa kunakili ubeti mmoja ubaoni. Wote wawili hawajamsoma huyo mbwa.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Sheria ya Bara inamruhusu mwalimu kutumia kazi ya mtu kama mfano wa kufundishia, bila kuomba ruhusa na bila kulipa, kwa masharti ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuyakariri: utumie kiasi kinachohitajika kwa somo hilo, utumie kwa uungwana usioharibu riziki ya mwenye kazi, na utaje kazi imetoka wapi na nani kaiandika. Kwa hiyo shairi moja la Mohammed Seif Khatib kutoka diwani ya Wasakatonge unaliandika ubaoni, mnaliimba, mnalichambua, na humkosei mtu. Ukurasa mmoja wa majibizano unaudurufu kwa ajili ya zoezi la leo. Diwani nzima kuirusha kwenye grupu ni jambo lingine kabisa, na kusema "ni kwa ajili ya elimu" hakuliokoi.

Utasikia ofisini kwamba asilimia kumi inaruhusiwa. Kila shule ina mzee mmoja wa asilimia kumi. Mheshimu kwa umri wake, lakini mwombe akuonyeshe kifungu. Ruhusa ya kufundishia inapimwa kwa mahitaji ya somo, haipimwi kwa rula. Kenya nako Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu mkusanyo wa shule uchukue vipande vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, na jina la kazi na la mtunzi litajwe. Vipande viwili vifupi. Sura kumi na mbili zilizobanwa kwa pini haziwi vipande hata ukiziita hivyo.

Mwenzetu wa chuo atakuja na kesi ya Delhi, kwa hiyo jiandae. Mwaka 2012 wachapishaji watatu, wakiwemo Oxford University Press na Cambridge University Press, walilishtaki duka la kudurufu lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikalipa duka haki, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiacha kesi. Hayo yote ni kweli. Ila zilizokuwa zikidurufiwa zilikuwa sehemu za vitabu mbalimbali walizopangiwa wanafunzi kusoma, na kilichoamua ni kifungu cha sheria ya India. Hukumu ya Delhi haisafiri kwa basi mpaka Morogoro.

Sasa njoo kwenye sehemu inayonifurahisha kuliko zote, ambayo ni kuhesabu miaka. Hakimiliki ya kitabu, kwetu na Kenya, inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shakespeare alifariki 1616, kwa hiyo tamthiliya zake ni za kila mtu. Mwalimu mwenye haraka akisikia hivyo atakimbilia Mabepari wa Venisi na kuiskani yote. Asubiri. Mabepari wa Venisi iliyotoka 1969 ni tafsiri ya Julius Nyerere, na tafsiri ina hakimiliki yake. Nyerere alifariki 1999, kwa hiyo hesabu inafika 2049. Tamthiliya ya Mwingereza ni huru, Kiswahili cha Nyerere bado kina mwenyewe.

Shaaban Robert alifariki 1962, na miaka yake 50 ilitimia 2012. Mashairi yake unaweza kuyachapa upya kwa mkono wako, ukayaweka kwenye slaidi, ukayapeleka kwenye grupu. Lakini utangulizi ulioandikwa na mhariri wa juzi, maelezo ya chini ya ukurasa na mchoro wa jalada jipya vina wenyewe, kwa hiyo chukua maneno ya Shaaban, usipige picha toleo zima la watu. Semzaba alifariki 2016. Ngoswe basi ana ulinzi mpaka mwisho wa 2066, na wengi wetu tunaomshika leo kwenye simu tutakuwa tumestaafu zamani.

Usitafute ile alama ya herufi C ndani ya duara ndipo uamini kwamba kitabu kina mwenyewe. Kazi inalindwa tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe. Kutokuwa na alama hakuifanyi kuwa embe la porini.

Kuhusu simu nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo kofia inapotubana zaidi. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya UVIKO-19, na kidato cha sita walirudi Juni 1. Katika miezi hiyo walimu waligeuka watangazaji, wapiga picha na wachapishaji kwa usiku mmoja. Tulirusha chochote kilichopatikana, kwa kuwa mtoto alikuwa nyumbani na mtihani ulikuwa unakuja. Siwalaumu waliofanya hivyo, nilikuwepo. Dharura ilikwisha, mazoea yakabaki, na kila mwaka grupu la kidato cha nne linaanza na mtu kuuliza, "Nani ana Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie?" Dakika tatu baadaye vyote vitatu vimeshuka.

Grupu la WhatsApp si darasa lenye mlango. Ndani yake wamo wanafunzi, wazazi, mwanafunzi aliyehama mwaka juzi, na dada yake aliyeazimwa simu. Faili ukiliweka humo umechapisha, na hutaweza kulikusanya kipindi kikiisha. Kwa hiyo jifunze kutuma kiungo badala ya faili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Mtumie mwanafunzi anwani, akasome pale kitabu kilipowekwa na mwenyewe. Video ya YouTube nayo ionyeshe ikiwa palepale YouTube. Kuipakua kwa programu za vichochoroni, ukaikata jina la mtengenezaji na kuirusha kama yako, ni kinyume cha masharti ya YouTube yenyewe. Kama bando ni tatizo, na kwa shule nyingi ndilo tatizo, andika dakika ambazo mwanafunzi azitazame, "kuanzia dakika ya 4 hadi ya 7", asimalize MB zake kwenye salamu za utangulizi.

Picha za slaidi usizichote mahali popote. Google wana kichujio cha haki za matumizi kwenye utafutaji wa picha, na Wikimedia Commons ni ghala zima la picha ambazo wenyewe wamesharuhusu zitumike. Hapo utakutana na leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, na herufi zake zinawatisha watu bure. BY maana yake nitaje jina. SA maana yake ukitengeneza kitu kipya kutokana na changu, nacho kiwe wazi kwa masharti yaleyale. NC ni usifanyie biashara. ND ni usinibadilishe. Ziandike nyuma ya daftari la maandalio, utazizoea ndani ya wiki.

Herufi hizo zina uzito. Masomo ya Khan Academy yako wazi lakini yana NC. Darasani unayatumia kwa raha zako. Ukiyatafsiri kwa Kiswahili, ukayachapa kama pamfuleti na kuyauza kwenye tuisheni ya jioni, umevuka mstari. Hadithi za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, zimewekwa chini ya leseni huria, zipo za Kiswahili, na mwalimu wa darasa la pili anaweza kuzidurufu, kuzitafsiri kwa lugha ya watoto wake na kuzibandika ukutani akitaja majina. Nimeona darasa ambalo ukuta wake mzima ni hadithi hizo, karatasi zimepakwa uji wa unga badala ya gundi, na chini ya kila moja jina la mwandishi na la mchoraji kwa maandishi ya mtoto. Hakuna aliyeibiwa pale, na watoto walikuwa wanasoma.

Shule isiyo na intaneti isikate tamaa. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pa namna hiyo: kompyuta moja ndogo inabeba masomo, na simu au tableti za wanafunzi zinayachota kwa Wi-Fi bila bando. Ina masomo mengi yenye leseni huria. Mwombe mwalimu wa taaluma jioni mbili tu za kuiweka na kuijaribu. Zile ni jioni mbili ambazo ungezitumia kuskani kitabu, pamoja na kidole chako.

Ukitaka kilicho kikubwa kuliko kipande, omba. Watu wanadhani kuomba ruhusa kunahitaji wakili na mhuri wa moto. Kunahitaji ujumbe wa mistari sita, na mimi huandika hivi: "Habari za kazi. Ninafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Naomba ruhusa ya kuwapa wanafunzi wangu 45 sura ya pili ya kitabu chenu, kurasa 14, kwa muhula huu tu. Itakaa kwenye darasa la mtandaoni lenye nywila, haitauzwa, na jina la mwandishi na la kampuni litakuwa juu ya ukurasa wa kwanza. Muhula ukiisha nitaiondoa." Baadhi hawajibu. Baadhi wanajibu kwa bei. Mmoja alinijibu kwa furaha, akaongeza maswali ya mazoezi aliyokuwa hajayachapisha. Asiyejibu, hajakubali. Hapo fundisha kwa kipande, au geukia kazi nyingine.

Kwa mwanafunzi asiyeona, usimnyime kitabu ukidhani unailinda hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ulitungwa kwa ajili yake, Kenya ilijiunga 2017 na Tanzania 2020. Unafungua njia ya kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti na za maandishi makubwa kwa wale ambao kitabu cha kawaida hakiwafai. Wasiliana na taasisi zinazohudumia wasioona na COSOTA, ulizia utaratibu, uanze mapema kabla muhula haujachanganya.

Lipo na la mwisho, linalomgeuza mwalimu upesi kuliko vifungu vyote. Andika notsi zako mwenyewe. Usanisinuru hauna mwenyewe, sheria za Newton hazina mwenyewe, na vita vya Majimaji haviuzwi. Kinachomilikiwa ni jinsi mtu alivyoeleza. Soma vitabu vinne, vifunike, kisha eleza kwa maneno unayoyatumia darasani, na mfano wa kwenu. Mwenzangu wa Baiolojia alifanya hivyo kwa likizo mbili, akachora moyo wa binadamu kwa mkono, akarudia mshipa mmoja mara tano mpaka ukakaa sawa. Miezi michache baadaye mwanafunzi alimletea pamfuleti iliyonunuliwa mjini. Moyo ulikuwa uleule, na mshipa uleule wenye alama ndogo ya rula iliyoteleza. Jina lake lilikuwa limefutwa na namba ya simu ya mtu mwingine imewekwa pale lilipokuwa. Aliishika karatasi ile muda mrefu bila kusema kitu. Siku hiyohiyo alifungua simu yake, akapekua mafaili ya vitabu vya watu, moja baada ya jingine.

Kwa hiyo notsi zako ziandike jina na mwaka, na useme chini kabisa watu wazifanyie nini: wazitumie bure wakikutaja, au wasiziuze, au waombe kwanza. Kama umeziandaa kwa kazi ya mwajiri, soma mkataba wako ujue haki ya kuziuza ni ya nani kabla hujagombana na mtu.

Kesho ukiingia darasani, kabla hujaandika tarehe ubaoni, andika jina la aliyekitunga kitabu mnachokisoma, kisha wanafunzi waliandike kwenye madaftari yao. Na lile faili lenye kidole gumba, sasa lifute.